Uchambuzi wa kisa: Binti wa darasa la tatu aliyedhaniwa mzembe

Kisa hiki ni cha binti wa miaka tisa. Jina lake, shule, mtaa na mkoa vimeondolewa, na mambo machache ya kifamilia yamebadilishwa ili asitambulike. Mama na bibi yake wameridhia kisimuliwe, na yeye mwenyewe aliulizwa. Nakiandika kwa ajili ya walimu wa madarasa ya chini, wazazi, na wenzangu wa huduma za utengamao, yaani tiba ya kumsaidia mtu aweze shughuli zake za kila siku. Shida yake inaitwa tatizo la ukuaji wa uratibu: mtoto ana akili timamu, lakini mwili wake unapata tabu kujifunza na kuongoza mwendo. Makadirio yanayotumika sana yanasema watoto wenye shida hii ni kati ya asilimia 5 na 6 ya watoto wa umri wa shule. Katika darasa la wanafunzi 80, na madarasa ya namna hiyo tunayo, ni watoto wapatao wanne. Wengi wao humaliza shule ya msingi bila mtu yeyote kujua kwamba walihitaji kufundishwa kwa namna nyingine.

Usuli

Binti alizaliwa njiti, takriban wiki nane kabla ya siku zake. Alilia mara tu alipozaliwa, hakuhitaji kusaidiwa kupumua, na mama yake alimbeba kifuani ngozi kwa ngozi mpaka uzito ukawaridhisha wauguzi. Alikaa mwenyewe akiwa na miezi tisa, akatembea akikaribia mwaka mmoja na nusu. Ni kuchelewa, lakini bado ndani ya mipaka ya kawaida, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Kuzaliwa njiti kunaongeza uwezekano wa shida ya uratibu wa mwili baadaye, hata kwa mtoto ambaye ubongo wake haukupata jeraha linaloonekana. Familia haikuwahi kuambiwa hivyo.

Mama yake ni mama lishe, anatoka nyumbani saa kumi alfajiri. Kuogesha, kuvisha na kupeleka shule ni kazi ya bibi. Binti aliongea mapema, alisimulia hadithi na alizijua nyimbo zote za chekechea. Mikono na miguu ndiyo iliyobaki nyuma. Alijikwaa mahali pasipo na kitu na alimwaga uji. Alipofika darasa la pili bado bibi ndiye aliyemfunga vifungo. Mdogo wake wa miaka sita alikuwa akipewa chai kwenye kikombe cha udongo, na yeye, dada mtu, alipewa cha plastiki. Bibi alilieleza hilo bila kulaumu: "Si mtukutu. Vitu vinamkimbia tu mkononi."

Shuleni, darasa la kwanza na la pili hayakuwa mabaya sana. Alisoma vizuri kuliko wengi, na hesabu za kichwa alizijibu kabla wenzake hawajanyoosha vidole. Kati ya zile K tatu, kuandika ndiko kulikomwangusha. Darasa la tatu kazi ya kunakili kutoka ubaoni iliongezeka, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Daftari lake lilionyesha herufi kubwa na ndogo zikipandana, maneno yakishuka chini ya mstari, na mahali alipofuta kwa mate hadi karatasi ikatoboka. Alikandamiza penseli kiasi kwamba maandishi ya ukurasa mmoja yaliweza kupapaswa kwa kidole kurasa tatu nyuma. Alisimamishwa mbele ya darasa kwa uchafu wa daftari, na zaidi ya mara moja alichapwa.

Kisha tumbo likaanza kumuuma. Mwalimu wa darasa, kwa kupitia kitabu cha mahudhurio, ndiye aliyeona kwamba binti alikosa shule karibu kila siku ya michezo. Nampa sifa mwalimu huyo. Wengi tungeona utoro tu.

Kabla ya kufika kwenye kliniki yetu, familia ilikuwa imepita kituo kingine. Huko waliambiwa misuli ni dhaifu, wakapewa mazoezi ya nyumbani: kubana sponji yenye maji, kusimama kwa mguu mmoja, kutambaa, kutunga shanga. Bibi aliyasimamia kila jioni kwa miezi kadhaa, na kwa bidii kweli. Binti akawa hodari wa kubana sponji. Vifungo vikabaki vile vile.

Tathmini

Mtoto mwenye mwendo mzito au mikono isiyotii haitwi mwenye shida ya uratibu kabla ya kuondoa mambo mengine, na baadhi ya hayo hayasubiri. Tuliuliza kama kuna kitu alichokuwa akikiweza zamani na sasa hakiwezi, maana kupoteza uwezo ni dalili ya kumwona daktari haraka. Hakikuwepo. Tulilinganisha mkono na mkono, mguu na mguu. Kama upande mmoja ungekuwa mgumu au mzito kuliko mwingine, tungefikiria mtindio wa ubongo. Tulimkalisha chini tukamwomba ainuke, kwa sababu mtoto anayejikwea kwa kushika mapaja yake ana udhaifu wa misuli wa aina nyingine kabisa. Huyu aliinuka bila kujishika. Hakuwa na historia ya degedege. Macho yalipimwa, yakawa mazima. Akili haikuwa na mashaka, na mwalimu alilithibitisha hilo kwa alama za kusoma.

Daktari wa watoto alikubaliana nasi kwamba picha hii inalingana na tatizo la ukuaji wa uratibu, jina ambalo wataalamu walikubaliana kulitumia mwaka 1994 katika mkutano uliofanyika London, jimbo la Ontario, Kanada. Vigezo ni vinne, na maelezo yake yalivijibu vyote: uwezo wa mwendo uko chini ya unaotarajiwa kwa umri na nafasi aliyopata ya kujifunza, unaathiri maisha ya kila siku na shule, ulianza utotoni, na hakuna ugonjwa wa mishipa ya fahamu, macho au akili unaoueleza vizuri zaidi. Kipimo cha mwendo kinachotumika sana kilisanifiwa kwa watoto wa Uingereza. Tulikitumia ili kuona anavyofanya, ila kwenye kuamua tuliegemea zaidi kile tulichokiona nyumbani na shuleni.

Niseme wazi jambo moja kuhusu jinsia. Tatizo hili huripotiwa zaidi kwa wavulana, na binti mtulivu anayesoma vizuri hupita macho ya watu kirahisi. Mvulana asiyeweza kucheza mpira anaonekana na uwanja mzima. Binti anayekaa pembeni huonekana ana adabu.

Kwenye rede ndiko tulikoona mengi. Kwa asiyeijua, rede huchezwa na watupaji wawili waliosimama pande mbili, na mchezaji wa katikati anayekwepa mpira wa soksi huku akijaza mchanga kwenye chupa. Akipigwa, anatoka. Binti huyu hakuwa akicheza. Kazi yake ilikuwa kulinda ndala za wenzake. Alizipanga kwa jozi, akazihesabu, na aliijua rede kiasi kwamba ndiye aliyeitwa mwamuzi palipotokea ubishi.

Malengo tuliyapanga kwa vifuniko kumi vya soda. Kwa kila shughuli alisogeza vifuniko kuonyesha anaiweza kiasi gani, kisha akasogeza tena kuonyesha ameridhika kiasi gani. Kwa vifungo alisogeza viwili. Kwa rede alisogeza kimoja, akakitazama, akakirudisha. Kwa mwandiko alisogeza vinne bila kusitasita, jambo lililomshangaza mwalimu wake ambaye angempa kimoja.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha mazoezi ya sponji na shanga. Hayakuwa na madhara, ila yalikula jioni za bibi na yalimchosha mtoto. Shida ya watoto hawa haimo hasa kwenye nguvu za msuli. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ubongo unapata tabu kupanga mwendo, kuutabiri utakavyokwenda, na kuurekebisha ukiwa njiani. Ukiongeza nguvu za vidole, upangaji unabaki palepale. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2013 na Bouwien Smits-Engelsman na wenzake yalionyesha kwamba mafunzo yanayolenga shughuli yenyewe yana matokeo makubwa, wakati yale yanayolenga viungo au hisia za mwili kwa matumaini kwamba uwezo utahamia kwenye shughuli yana matokeo hafifu. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2019 ulielekeza huko huko. Anayetaka mtoto afunge vifungo amfundishe kufunga vifungo.

Uamuzi wa pili ulileta mvutano. Mwalimu alitaka mwandiko ushughulikiwe kwanza, kwa sababu mwaka unaofuata kuna Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne. Mama alitaka binti ajivishe, ili bibi apumzike. Binti alitaka rede. Tulichukua vyote vitatu, lakini tukaanza na vifungo na rede, mwandiko ukafuata baadaye. Sababu ni kwamba njia tuliyokusudia kuitumia inamtaka mtoto afikiri mwenyewe, na mtoto hafikirii kwa moyo jambo ambalo ni haja ya watu wengine. Mwalimu hakufurahi. Tulimwomba atupe muhula mmoja, akakubali.

Njia yenyewe iliasisiwa Kanada katika miaka ya 1990, na majina yanayotajwa nayo ni Helene Polatajko na Angela Mandich. Mtoto anafundishwa hatua nne za kujiongoza: Lengo, Mpango, Fanya, Kagua. Mtu mzima haonyeshi jibu. Anauliza maswali mpaka mtoto aone mwenyewe mahali mwendo unapokwama. Ilitufaa kwa sababu haihitaji vifaa, na kwa sababu binti huyu alikuwa na silaha moja kubwa, maneno. Kwa mtoto asiyeweza bado kueleza anachofanya, tungechagua njia nyingine.

Uamuzi wa mwisho ulihusu adhabu. Kanuni za Tanzania zinaweka adhabu ya viboko mikononi mwa mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, kwa hiyo kwake ndiko tulikokwenda kabla ya kugusa penseli yoyote. Tulimwomba mtoto asiadhibiwe kwa ajili ya mwandiko wala kwa kuangusha vitu. Alisikiliza, akauliza maswali ya haki kabisa ("wenzake nitawaambia nini?"), kisha akatoa agizo kwa walimu.

Utekelezaji

Vifungo. Nilimwomba avae shati la shule nisimsaidie. Alianza na kifungo cha juu kabisa, chini ya kidevu, mahali ambapo jicho halifiki. Alikunja shingo, akakosa, akavuta shati, kifungo kikaponyoka. Mkono wa kushoto, ambao ulipaswa kushika ukingo wa tundu, ulikuwa umening'inia.

"Kifungo kipi unakiona vizuri?"

Akainama. "Cha mwisho."

"Na mkono huu unafanya nini?"

Akautazama. "Umekaa tu."

Mpango wake wa kwanza ukawa: chini kwanza, na kushoto kushike tundu. Alijaribu, akafunga kimoja, akakwama cha pili kwa sababu alikisukuma kwa ncha ya kidole cha shahada na kikawa kinateleza. Kwenye Kagua akasema kidole hicho "hakina nguvu ya kusukuma." Hakikuwa na tatizo la nguvu, lakini sikubishana naye. Nilimuuliza kidole kipi kingesukuma vizuri. Akajaribu gumba, kikapita. Kuanzia siku hiyo alikuwa akijisemea kwa sauti ya chini: "Chini. Shika. Gumba." Kuanza chini kulitatua na jambo ambalo hatukulipanga, la vifungo kupishana na matundu hadi upande mmoja wa shati ukawa mrefu. Shati lenyewe lilikuwa jipya, matundu yamebana. Fundi cherehani wa jirani aliyalegeza kidogo, na hilo nalo lisidharauliwe. Kama kitu kinaweza kurahisishwa kwa mkasi na uzi, hakuna fadhila ya kumwacha mtoto akipigana nacho.

Bibi alikuwa na mikono myepesi. Mjukuu akikwama kidogo tu, shati limeshafungwa. Tulikubaliana kwamba akae mkekani, mikono mapajani, na aruhusiwe swali moja: "Mpango wako nini?" Asubuhi haikuwezekana, kwa sababu kengele ya shule haisubiri mtoto ajifunze. Kwa hiyo mazoezi yakawa jioni na mwisho wa wiki, na asubuhi waligawana: mtoto afunge vya chini, bibi amalizie viwili vya juu. Mtoto anayefundishwa kwa haraka hujifunza haraka ile ile, wala si shughuli. Baada ya wiki chache bibi akajikuta anamalizia kimoja, kisha hana cha kumalizia.

Rede. Tuliifanyia uani kwao, na binamu zake wawili na rafiki wa jirani. Nilitaka watoto wale wale atakaocheza nao, si mimi. Mara ya kwanza alipigwa kabla hajasogea. Tukarudia polepole. Alikuwa akiutafuta mpira ukiwa tayari hewani, na alipouona aligeuka na kukimbia, mgongo ukawa shabaha nzuri.

"Mpira unaanzia wapi?" nilimuuliza.

Alifikiri. "Mkononi kwa dada."

"Sasa wewe unaangalia wapi?"

Akacheka. Mpango: macho kwenye mkono wa mtupaji. Ulimsaidia, lakini miguu bado ilikuwa imebanana, na akisogea anajikwaa. Aliyeona dawa ya hilo ni binamu yake mkubwa, aliyemwambia asimame miguu mbali "kama golikipa" na aende pembeni badala ya nyuma. Nilikaa kimya. Kauli ya mtoto mwenzake ilimwingia kuliko ambavyo ingemwingia yangu.

Kukwepa na kujaza chupa kwa wakati mmoja kulimshinda. Kufanya mambo mawili pamoja ni mzigo kwa watoto wenye tatizo hili, kwa sababu mwendo ambao kwa wenzao umekuwa wa mazoea, kwao bado unahitaji mawazo yote. Tukatenganisha. Kwanza kukwepa tu. Kisha kujaza tu, kwenye kopo la mdomo mpana, mpira ukitupwa polepole. Kisha vyote. Watoto wenyewe walipendekeza mistari ya watupaji isogezwe nyuma anapokuwa katikati, na wakaiweka kuwa sheria bila mtu mzima kuingilia. Kuna siku mmoja wao alilalamika kwamba si haki, wakajadiliana, sheria ikabaki.

Mwandiko. Hapa tulianza na dawati. Wanafunzi watatu kwenye dawati moja, yeye katikati, miguu ikining'inia, kiwiko cha kulia kikigongana na jirani kila anapofika mwisho wa mstari. Mwili usio na mahali pa kukanyaga hutumia mikono kujishikilia. Alihamishiwa ukingo wa kulia, akawekewa tofali mbili chini ya miguu. Kuhusu kukandamiza penseli, nilimuuliza angejuaje kwamba amekandamiza sana. Akafunua kurasa za nyuma, akapapasa. Akajiwekea lengo kwamba ukurasa wa pili usipapasike. Hicho kikawa kipimo chake, akikikagua mwenyewe bila kungoja kalamu nyekundu.

Mwalimu alipunguza kiasi cha kunakili: maswali matano badala ya kumi, na mengine ayajibu kwa mdomo. Aina ya kushika penseli hatukuigusa. Haikuwa nzuri machoni, lakini haikuwa inamuumiza wala haikuwa kikwazo.

Matokeo

Mwisho wa muhula vifuniko vya soda vilirudi mezani. Vifungo: tisa, kutoka viwili. Rede: sita, na safari hii hakurudisha hata kimoja. Mwandiko: sita, kutoka vinne. Kwenye kipimo cha aina hii, kupanda kwa alama mbili huhesabiwa kuwa badiliko lenye maana kwa anayehusika.

Mwandiko ulisomeka, na mwalimu alikubali hivyo. Kasi haikuongezeka. Wenzake wanapomaliza kunakili, yeye yuko nusu ya njia. Kudaka mpira bado ni shida, na kamba za viatu hatukuzifikia.

Maumivu ya tumbo siku za michezo yalipungua, kisha bibi akaacha kuyataja. Kwenye rede bado hupigwa mapema mtupaji akiwa hodari, ila ndala sasa zinalindwa kwa zamu.

Kuna moja ambalo hatukulifundisha. Kuchota maji kwenye kioski ilikuwa vita yake ya siku nyingi, kwa sababu ndoo ilifika nyumbani nusu. Jioni moja bibi alimkuta amesimama na ndoo, anajisemea. Akaingia ndani, akatoka na sahani ya plastiki, akaiweka ielee juu ya maji ili yasiruke anapotembea. Wanawake wa vijijini hufanya hivyo kwa majani, na huenda alipata kuona. Bado humwaga kidogo. Lakini lengo alilitaja yeye, mpango akaupanga yeye, na hakuna aliyemuuliza swali.

Uchambuzi

Nikipima kilicholeta badiliko, naweka mbele mambo mawili: kufundisha shughuli yenyewe mahali inapofanyika, na kumpa mtoto kazi ya kufikiri. Tofauti ya miezi ya sponji na muhula wa vifungo haikuwa bidii, maana bibi alijitoa kote kuwili. Tofauti ilikuwa kwamba mara ya pili kila jioni ilihusu shati.

Maswali yana thamani kuliko maelekezo kwa sababu mtoto huyu alikuwa amesikia maelekezo maisha yake yote. "Angalia mbele," "shika vizuri," "andika vizuri." Hayo yanamwambia matokeo tunayoyataka, hayamwambii mwili ufanye nini. Aliposema kwamba mkono wake "umekaa tu," aliona kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwonyesha, na kwa kuwa alikiona mwenyewe hakukisahau.

Kumpa kipaumbele alichotaka yeye kulilipa. Mwalimu alikuwa na hofu ya haki kuhusu mtihani, lakini siamini kwamba tungepata juhudi ile kwenye mwandiko kama tungeanza nao. Alipofika kwenye penseli alikuwa tayari ana ushahidi kwamba njia hii inamfanyia kazi. Kuondolewa kwa adhabu nako nakuhesabu kuwa sehemu ya tiba. Mtoto anayeogopa kukosea hawezi kufanya hatua ya Kagua, kwa sababu kukagua ni kutazama kosa kwa utulivu.

Kwenye mwandiko siwezi kutenganisha nguvu ya tofali na dawati na nguvu ya mafunzo. Vilifanyika pamoja, na kwa mtoto mmoja hakuna namna ya kujua. Kama ningelazimika kuchagua kimoja kwa shule yenye wanafunzi wengi na wataalamu wachache, ningechagua dawati, maana linawafaa hata wasio na shida.

Yaliyokwama yana uzito wake. Mama hakuhusishwa vya kutosha, kwa kuwa saa zake za kazi na saa za kliniki hazikukutana. Matokeo yake, Jumapili alipokuwa nyumbani alimvisha binti mwenyewe, kwa upendo, na Jumatatu bibi akaanza upya. Lilitatuliwa kwa ujumbe wa sauti wa simu ambamo binti mwenyewe alimweleza mama yake "chini, shika, gumba," lakini lilichelewa.

Pigo kubwa zaidi lilikuja shuleni. Katikati ya mwaka mwalimu wa darasa alipata uhamisho. Makubaliano yote kuhusu kiasi cha kunakili, majibu ya mdomo na mahali pa kukaa yalikuwa kichwani mwake, yakaondoka naye. Mwalimu mpya alimkuta mwanafunzi anayemaliza nusu ya kazi, akamrudisha katikati ya dawati na kumtaka amalizie wakati wa mapumziko. Hakuwa mkatili. Hakuambiwa. Ndani ya majuma mawili tumbo likaanza tena, na ndipo bibi akatupigia simu.

Tangu hapo makubaliano na shule tunayaandika kwenye karatasi moja, nakala tatu: faili la mwanafunzi, mwalimu wa darasa, na nyumbani. Ina mambo machache tu: tatizo linaitwaje na kwamba si uvivu, akae wapi, aandike kiasi gani, ajibu vipi yaliyobaki, na nani apigiwe simu. Lugha ni ya kawaida, mkuu wa shule anasaini, na nakala ya nyumbani bibi ndiye anayeitunza, ndani ya bahasha moja na kadi ya kliniki. Mwalimu mpya alipopewa yake aliisoma mbele yetu, akauliza kuhusu tofali, akazirudisha siku ile ile. Ombi la muda wa nyongeza kwa ajili ya upimaji wa darasa la nne limeshapelekwa kwa mkuu wa shule pamoja na barua ya daktari, na linasubiri majibu.